Kwa nini chewa wa Aldabra hawamkimbii binadamu?

Mwalimu wa Pangani (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari karibu na Pangani, na wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wavuvi. Katika kipindi cha mazingira ya bahari niliwaonyesha picha za video zilizopigwa chini ya maji katika kisiwa cha Aldabra, kilichoko upande wa kusini-magharibi kabisa wa Ushelisheli, nao wakaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa ukamilifu, kwa hiyo nalileta kwenu.

Katika picha zile, chewa wakubwa, wengine wakikaribia urefu wa mtu mzima, wanamsogelea mzamiaji hadi anaweza kuwagusa, wanamzunguka, wanamtazama, kisha wanarudi kwenye mapango yao bila haraka yoyote. Papa wenye mapezi ya ncha nyeusi wanapita kwenye maji yanayofika magotini. Samaki kama changu, tembo, pono na kangaja wametanda makundi kwa makundi juu ya mwamba. Kijana mmoja ambaye baba yake ni mzamiaji alisema kwamba kwao chewa huonekana mkia tu, tena mkia wa samaki mdogo anayeingia shimoni, kisha akauliza: "Mwalimu, si bahari ile ile?"

Kwa kweli ni bahari ile ile. Aldabra iko takriban kilomita 640 kutoka pwani ya bara la Afrika, umbali ambao ni mfupi kuliko ule unaoitenganisha na Mahé, kisiwa kikuu cha nchi yake, ambako ni zaidi ya kilomita 1,100. Pepo zake ni kusi na kaskazi kama zetu, na samaki wake wengi wana majina ya Kiswahili ambayo mvuvi wa Tanga au Lamu angeyataja bila kusita.

Ninaomba kujua mambo mawili. Kwanza, je, wingi na upole wa samaki hao unatokana na umbali wa kisiwa peke yake, au kuna jambo lingine katika maji na mwamba wenyewe? Pili, ikiwa mwamba wetu mmoja ungeachwa bila kuvuliwa, je, chewa wa namna ile wangerudi, na ingechukua muda gani?

---

Mtafiti wa Mikoko

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali zuri sana, na ningependa kuanza na umbo la kisiwa, kwa sababu mengi yanaanzia hapo.

Aldabra ni atoli iliyoinuka, yaani pete ya visiwa vya matumbawe inayozunguka maji ya ndani. Ardhi yake ni mwamba wa matumbawe ya kale, wenye umri wa takriban miaka 125,000, uliobaki juu ya maji baada ya bahari kushuka, na leo sehemu kubwa yake haizidi mita 8 kutoka usawa wa bahari. Visiwa vinne vikubwa, yaani Grande Terre, Malabar, Polymnie na Picard, vimeizunguka bahari ya ndani (atoli nzima ina urefu wa kilomita 34 hivi), ambayo ina kina kifupi kama sinia, kiasi kwamba maji yakipwa wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, eneo kubwa hubaki likiwa wazi. Kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua kuna tofauti ya takriban mita 3 au zaidi, na maji yote hayo hayana njia nyingine ya kuingia wala kutoka isipokuwa milango michache iliyopasua ukingo wa atoli. Mlango mkuu peke yake, unaoitwa Grande Passe, hupitisha zaidi ya nusu ya maji hayo.

Fikiria basi nguvu inayopatikana hapo. Maji yanapotoka hubeba kila kilichozaliwa, kilichooza au kilichotikiswa katika mikoko na majani ya bahari ya ndani, na samaki wa mwamba wa nje wanajua saa ya mlango kufunguka. Kolekole, mzia na papa huja kusubiri kwenye mkondo, huku vidagaa wakisukumwa kuwafuata wao. Maji yanaporudi kuingia, papa wenye ncha nyeusi na papa wengine wachanga huingia nayo hadi kwenye mizizi ya mikoko, mahali ambapo papa wakubwa hawawezi kuwafikia. Kwa hiyo mikoko, nyasi bahari na mwamba, ambavyo katika vitabu vya shule huelezwa katika sura tofauti, pale ni mfumo mmoja unaosukumwa na maji mara mbili kutoka na mara mbili kuingia kila siku.

Hata hivyo, ningependa wanafunzi wako wasidhani kwamba maji ndiyo jibu zima. Sisi tuna delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko, na mkabala wake tuna miamba ya Mafia. Tuna milango ya bahari yenye mikondo mikali. Tuna maeneo mapana ya nyasi bahari. Chakula kwetu hakikosekani. Tofauti kubwa ni kwamba Aldabra samaki huachwa akazeeka.

Wala hakuachwa kwa bahati tu. Kabla ya ulinzi, walipelekwa huko vibarua wa kuvua samaki na kuchinja kasa, na kasa walikaribia kwisha. Mwaka 1965 Uingereza iliitenga Aldabra na visiwa vingine katika koloni jipya la Bahari ya Hindi, ikikusudia kujenga uwanja wa ndege za kijeshi. Wanasayansi, wakiongozwa na Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza, walipinga kwa nguvu, na mpango huo uliachwa Novemba 1967, mwezi ambao serikali ya Uingereza ilishusha thamani ya pauni na kubana matumizi. Kituo cha utafiti kilijengwa mwaka 1971, kisiwa kikarudishwa Ushelisheli wakati wa uhuru wa 1976, taasisi ya uhifadhi ya Seychelles Islands Foundation ikakabidhiwa usimamizi mwaka 1979, na UNESCO ikakiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Mwaka 2018 eneo la hifadhi lilipanuliwa baharini hadi zaidi ya kilomita za mraba 2,500. Hakuna uwanja wa ndege hadi leo, na wakati wa kusi kuteremka kutoka chomboni ni kazi ngumu. Umbali umesaidia, lakini umbali ungekuwa bure kama watu wasingesimama kuutetea.

---

Nahodha wa Kojani

Mwalimu, nami nitasema kwa upande wa chewa mwenyewe, maana nimemvua kwa mshipi na kwa dema, yaani mtego wa kusuka, tangu ujana wangu, na nimekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na nyumbani, na wazee waliomjua vizuri kuliko mimi.

Chewa si samaki wa kuzurura. Ana pango lake, ana mpaka wake, na ukimkuta leo mahali fulani, utamkuta hapo hapo bamvua ijayo. Tena ana udadisi. Kitu kigeni kikishuka karibu na nyumba yake, hutoka kukitazama. Tabia hizo mbili ndizo zinazomfanya apendeze katika picha za wanafunzi wako, na ndizo zinazomfanya awe wa kwanza kumalizwa katika mwamba wowote unaozamiwa kwa bunduki za mishale. Yule anayetoka kutazama hupigwa. Anayebaki ni yule mwoga, au yule aliyewahi kukoswa akajifunza, na baada ya miaka michache mzamiaji huona mikia tu, kama alivyosema kijana wako. Samaki wa Aldabra hawana upole wa kuzaliwa ambao wetu wameunyimwa. Kwao mtu hajawa adui, ndiyo maana hawamkimbii.

Jambo la pili ni ukuaji wake. Changu na tasi hukua upesi, lakini chewa mkubwa huhitaji miaka mingi. Yule chewa mwenye mabaka ambaye ni maarufu Aldabra, wanaomwita kitaalamu Epinephelus tukula, anaweza kupita kilo 100, na uzito huo haupatikani kwa msimu mmoja wala mitano. Isitoshe, chewa wa aina nyingi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wanapokuwa wakubwa. Ukivua wakubwa peke yao, na soko la hoteli siku hizi linawataka hao hao, unaweza kuubakiza mwamba na majike wengi wasio na madume ya kutosha. Na katika hao majike, mmoja mkubwa hutoa mayai mengi kupita wadogo kadhaa wenye uzito sawa naye wakiwekwa pamoja.

La tatu ndilo linalonisikitisha zaidi. Chewa wa aina nyingi hukutana kuzaa mahali pamoja, kwa mwezi uleule na kwa hesabu ya mwezi wa angani, mwaka hadi mwaka. Wazee wetu walipajua mahali hapo na siku zake. Zamani, kwa mshipi na ngalawa ya tanga, mtu alichukua kiasi cha kujaza chombo chake na kurudi. Sasa vyombo vina mashine na majokofu ya barafu, na mkutano mmoja wa chewa unaweza kumalizwa kwa misimu michache. Ukishamalizwa, vijana wanaobaki hawana wa kumfuata hadi mahali pale, na hata wakiwapo samaki katika miamba ya jirani, mkutano unaweza usirudi.

Kwa hiyo, mwanangu, waambie wanafunzi kwamba wanachokiona Aldabra ni mwamba wenye wazee.

---

Mwalimu wa Pangani

Shikamoo, Nahodha, na asante sana. Asante pia, Mtafiti. Nitawasomea wanafunzi maelezo yenu kama yalivyo.

Kuna jambo moja linalonitatiza bado. Ikiwa ulinzi ndio sababu kubwa, je, Aldabra imesalimika na joto la bahari lililopausha matumbawe yetu mwaka 1998 na tena 2016? Maana mwamba ukifa, hata chewa mwenye ulinzi hana pango la kukaa.

---

Bi Fatma wa Matumbawe

Mwalimu, hapana, haikusalimika, na ni vyema wanafunzi walijue hilo mapema ili wasidhani kwamba kuna mahali palipo mbali kiasi cha kutofikiwa na madhara yetu.

Joto la 2016 liliua takriban nusu au zaidi ya matumbawe magumu katika miamba ya Aldabra iliyochunguzwa, na matumbawe laini ya upande wa nje yakakaribia kutoweka. Hakuna mlinzi wala sheria inayoweza kulizuia joto kuingia mlangoni. Lakini yaliyofuata baada ya hapo ndiyo yenye mafunzo, na mimi huyarudia kila ninapopata nafasi. Matumbawe ya bahari ya ndani, ambayo kila siku hupitia maji ya moto wakati wa kupwa na maji ya baridi wakati wa kujaa, yaliumia kidogo kuliko ya nje, na baada ya miaka michache yalikuwa yamerudia hali yake ya awali. Yale ya nje yalianza kurudi pia, kwa mwendo tofauti kulingana na kina. Yaani mlango ule ule ambao Mtafiti ameueleza kuwa ni mlango wa chakula, ndio pia uliyazoesha matumbawe ya ndani kuvumilia joto linalopanda na kushuka.

Pono, kangaja na puju wana kazi kubwa katika kurudi huko. Tumbawe likifa, mifupa yake hufunikwa na mwani mwembamba ndani ya wiki chache, na mwani huo ukiachwa unene, mabuu ya matumbawe mapya hayapati mahali pa kushika. Samaki hawa huukwangua kutwa nzima. Pono hukwangua kwa nguvu hivi kwamba humeza na chembe za mwamba na kuzitoa zikiwa mchanga. Mahali ambapo wamevuliwa sana kwa madema na nyavu za usiku, mwani hushinda na mwamba hubaki kifusi. Kwa hiyo ulinzi wa samaki hauzuii matumbawe kufa kwa joto, bali huuachia mwamba nafasi ya kuota tena. Ningependa tofauti hiyo ishikwe vizuri, kwa sababu nimesikia mara nyingi mikutanoni watu wakisema kwamba hakuna haja ya kulinda mwamba ambao joto litaua.

Madhara mengine yaliyofika huko ni takataka. Mwaka 2019 kikundi cha watu wa kujitolea kutoka Ushelisheli na Uingereza kilikaa Aldabra kwa wiki tano kikikusanya plastiki ufukweni, kikaondoa tani 25, na watafiti wakakadiria kwamba zaidi ya tani 500 zilikuwa bado zimebaki. Kwa uzito, sehemu kubwa ilikuwa vifaa vya uvuvi: kamba, nyavu, na vyelezo vinavyoachwa vielee baharini ili kuwavutia jodari. Kwa idadi, kandambili zilikuwa maelfu kwa maelfu. Kisiwa kisicho na kijiji wala duka! Kasa jike anayepanda ufukweni usiku kutaga hulazimika kupita katikati ya kamba hizo.

Na kwa kuwa nimemtaja kasa, niseme habari yake, maana ndiye shahidi bora wa swali lako la pili. Mwaka 1968 kuwachinja kasa wa Aldabra kulipigwa marufuku. Wakati huo viota vya kasa wa kijani vilikadiriwa kuwa kati ya 2,000 na 3,000 kwa mwaka. Miaka hamsini baadaye hesabu imepita 15,000. Kasa huchukua miongo miwili au zaidi kukomaa, kwa hiyo waliopiga marufuku ile hawakuona matunda yake kwa muda mrefu. Pengine baadhi yao hawakuyaona kabisa. Kisha kasa hao hawakai kule. Wakishataga huondoka kwenda kula, na baadhi ya waliofuatiliwa kwa satelaiti kutoka Aldabra wamefika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Kasa anayekula nyasi bahari mbele ya kijiji chenu anaweza kuwa amezaliwa huko.

---

Afisa Ugani wa Kusini

Nimewasoma nyote kwa makini, nami nakubaliana na mengi. Naomba tu kuongeza neno kuhusu swali la pili la Mwalimu, kwa kuwa kazi yangu ni kukaa na kamati za wavuvi, na Aldabra ikitolewa kama mfano bila maelezo huwatia wavuvi wasiwasi.

Kule walioacha kuvua walikuwa vibarua waliopelekwa na mkataba na kuondolewa na mkataba. Hapakuwa na kijiji ambacho watoto wake wangelala njaa. Hata leo wafanyakazi wa kituo huvua kitoweo chao katika sehemu iliyopangwa, na samaki wanaowapata huandikwa, lakini hao ni watu wachache sana katika atoli kubwa. Kwetu mwamba mmoja unaweza kutegemewa na vijiji vitatu pamoja na wageni wa dago. Ukisema "tufunge kama Aldabra", unayemwambia ni mtu mwenye madema yake majini asubuhi hiyo.

Ninachoona kinafanya kazi ni kuanza na kinachojibu upesi. Pweza hukua kwa kasi na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo mwamba ukifungwa kwa miezi michache tu, siku ya kufunguliwa akina mama huona tofauti kwenye mizani. Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walianza hivyo mwaka 2004, na utaratibu huo umeenea katika vijiji vingi vya pwani yetu pia, Pemba ikiwamo. Imani ikishajengeka kwa pweza, kamati yenyewe huanza kuuliza kuhusu kufunga sehemu ndogo moja kwa moja. Chumbe, karibu kabisa na mji wa Zanzibar, ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na mwamba wake umejaa samaki ambao hawana haraka ya kumkimbia mtu, ingawa mashua za uvuvi hupita jirani kila siku. Kwa hiyo umbali si sharti, Mwalimu. Sharti ni mpaka unaoheshimiwa na walio jirani nao.

Kuhusu muda, jibu la kweli kwa wanafunzi ni kwamba linategemea samaki gani. Pweza, miezi. Tasi na changu, miaka michache. Chewa wa kufikia urefu wa mtu, muda ambao mwanafunzi wako wa kidato cha pili atakuwa mzazi mwenye watoto shuleni.

---

Nahodha wa Kojani

Marahaba, Mwalimu. Afisa amesema vizuri, nami namuunga mkono kwa sharti moja: chewa asisubirishwe hadi mwisho wa foleni. Si lazima kufunga mwamba mzima kwa ajili yake. Mahali anapokutana kuzaa ni padogo, na siku zake kwa mwaka ni chache. Hapo pakifungwa kwa siku hizo tu, hakuna kijiji kitakacholala njaa, na wavuvi wataendelea kutega madema yao kwingine. Katika kila kijiji cha pwani yupo mzee mmoja au wawili wanaopajua mahali hapo kwa alama za nchi kavu, minazi fulani ikipangana na kilima fulani, na hawajawahi kuulizwa na ofisi yoyote. Mwalimu, wanafunzi wako ni wajukuu zao. Wakae nao, wawaulize mahali, mwezi na siku za bamvua, kisha waandike kila wanachoambiwa na wakipeleke kwenye kamati ya kijiji kabla ya msimu ujao wa kaskazi.